Nyumba Iliyoandikwa Banda la Ndama

Ardith Lokken amefuga ng'ombe, amelea watoto watatu na kupiga kinanda kanisani tangu usichana wake, na hakuna aliyewahi kumwita ndama mpaka alipokwenda ofisi ya wilaya kutafuta mkaguzi.

Kisa ni mumewe, Verlin. Mume mwema, lakini kichwa kigumu, we! Huko kwao Dakota, Marekani, sheria inataka kibali kwa kila hita inayofungwa ndani ya nyumba, ila mabanda ya mifugo yamesamehewa. Basi Verlin akafunga hita mpya ya gesi kwa mikono yake, kisha akaenda ofisini na kuiandikisha nyumba yao, pamoja na mapazia yake na picha za wajukuu ukutani, kuwa banda la ndama. Mgahawani wanaume walicheka mpaka machozi. Serikali imepigwa chenga! Wawili wao wakamuiga wiki ileile.

Tangu hita iwashwe, Ardith akawa anaamka kichwa kinamgonga.

"Uzee huo," Verlin akamwambia huku anapaka mkate siagi. "Hata trekta langu asubuhi linagoma."

Ardith hakuridhika. Akamfuata Twyla, karani wa wilaya, rafiki yake tangu shuleni.

"Twyla, nataka mkaguzi aje aitazame hita yetu."

Twyla akabofya kompyuta, akakunja uso. "Shoga, kwenye shamba lenu hakuna nyumba. Kuna mabanda mawili tu."

"Hee! Si juzi tu umekula kwangu?"

"Nimekula, na nyama ilikuwa tamu. Lakini mkaguzi haruhusiwi kukagua banda. Verlin aje mwenyewe afute maneno yake."

"Sasa mimi naishi wapi?"

"Kwa sheria huishi popote. Mtu kulala bandani ni kosa, kwa hiyo usinieleze zaidi."

Verlin aliposikia, alikaribia kupaliwa na kahawa. "Nikafute? Mbele ya Twyla na mdomo wake ule? Mgahawani nitaingia kwa uso gani?"

"Huohuo ulionao," Ardith akasema, akafunga begi, akahamia mjini kwa dada yake Lavonne.

Huko kichwa kikapona. Lavonne akafurahi kupita kiasi. "Si nilikwambia? Ugonjwa wako una ndevu na unakoroma." Ardith alicheka, lakini rohoni aliumia. Aliipenda nyumba yake, na huyo mwenye ndevu pia alimpenda, afanyeje. Alitaka kurudi kwake.

Jumapili, baada ya ibada, Verlin akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanaburuzika.

"Rudi, mke wangu. Tangu uondoke kichwa kinanipasuka. Hata supu naitapika. Nadhani ni upweke."

Ardith akasimama ghafla. Miaka yote hiyo Verlin hakuwahi kuumwa na upweke.

"Toka nje."

"Nini?"

"Toka nje, Verlin! Acha kila kitu, viatu pia acha! Ni hita hiyo inakuua!"

Akasikia simu ikianguka, kisha hatua za kuyumba, kisha mlango.

Ardith na Lavonne walipofika, wazima moto wa kujitolea ambao Ardith aliwaita kwa simu walikuwa wameshatangulia, na ni walewale wa mgahawani. Verlin alikuwa amekaa kwenye theluji na soksi tu, mweupe kama unga. Wanaume waliingia na kipimo chao cha gesi ya sumu, wakatoka mbio, na hakuna aliyefanya mzaha. Bomba la moshi lilikuwa limeachia kwenye kiungo, na sumu ilikuwa inavujia chini tu ya chumba chao cha kulala. Ardith alimkumbatia mumewe, akampiga ngumi ya bega, akamkumbatia tena huku analia kwa hasira.

Jumatatu Verlin alisimama mbele ya Twyla, kofia mkononi. Nyuma yake walipanga foleni wale wawili waliomuiga, macho chini.

"Futa banda," akasema. "Andika nyumba. Mke wangu anakaa humo."

Twyla akaandika. Kisha akasema mkaguzi ana kazi nyingi, atafika baada ya wiki tatu, na mpaka hapo hita isiwashwe.

Verlin akamgeukia mkewe. "Sasa mimi nitalala wapi?"

Ardith akafunga vifungo vya koti lake.

"Kwa Lavonne kuna kochi," akasema. "Atakusimanga asubuhi na jioni, na wewe utanyamaza."

"Nitanyamaza," Verlin akajibu, akamfungulia mlango.