Nilivyoiziba mdomo ilimba ya Baba Stella nikidhani narekebisha sauti

Wakuu,

Mnaostahili shikamoo ipokeeni, wenzangu mambo vipi. Najua humu mtu akianza hivi watu wanasogeza vikombe wakidhani ni chai, yaani stori ya kutunga. Hii sio chai. Ingekuwa chai ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa IT, ofisi yetu ipo Mtumba, kwenye mji wa serikali. Nililetwa Dodoma na uhamisho nikitokea Dar, nikaja nanung'unika: vumbi, upepo, maji ya chumvi. Leo nimejenga Msalato na mtu akiisema vibaya Dodoma mbele yangu tunagombana.

Mambo ya sauti nilijifunzia kanisani. Aliyekuwa anakaa kwenye mixer alihama, mchungaji akauliza nani anajua kompyuta, vidole vyote vikanielekea. Miaka miwili mbele nikawa najiona fundi kamili. Ukishajua kuizima feedback, ule mluzi wa spika unaotoboa masikio, unaanza kuamini kwamba kila sauti usiyoipenda ni kosa la mtu.

Shikeni hapo hapo. Ndipo palipoanzia balaa.

Kuna vijana hapa mjini waliandaa tamasha la muziki wa asili wa mikoa hii ya kati. Ukumbini, Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri. Walitafuta watu wa kujitolea kwenye sauti na taa, nikanyoosha mkono haraka kuliko mtoto anayejua jibu.

Vyombo vilikuwa vya kaka Salim. Huyu ana duka la redio na spea mjini, duka aliloliacha marehemu baba yake, na huyo baba naye aliachiwa na baba yake aliyetoka India. Salim kazaliwa hapa hapa. Kigogo anaongea mpaka wazee wanacheka. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa bosi, mimi msaidizi, ila moyoni nilijiona bosi ni mimi. Nina digrii bwana.

Asubuhi saa nne tukaanza soundcheck, kila kikundi kinapanda kujaribu vyombo. Ngoma za kina mama zikapita vizuri. Zeze likapita.

Akapanda baba mmoja mwembamba, umri kama miaka sitini hivi, koti limepigwa pasi. Ametoka kijiji kimoja upande wa Kongwa, ameletwa na binti yake Stella, mwalimu. Wote walimwita Baba Stella. Kabeba kitu kimefungwa kwenye khanga. Nikamsalimia "Mbukwenyi" kwa mbwembwe, akacheka kidogo, akakifungua.

Kwa wasioijua, ilimba ni marimba ya Kigogo: sanduku la mbao, juu yake vyuma vingi vyembamba, unapiga kwa vidole gumba. Ya kwake ilikuwa kubwa, mbao imekuwa nyeusi kwa kushikwa.

Nikamsogezea maiki, akapiga kidogo.

Wakuu, nikasikia mkwaruzo. Kila noti inakuja na "zzzz" nyuma yake, kama spika iliyopasuka. Nikabadilisha waya. Zzzz. Nikabadilisha maiki. Zzzz. Salim alikuwa nje anahangaika na jenereta, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na ujuzi wangu.

Nikamwambia mzee, baba nenda kale, mimi nitalishughulikia hili tatizo. Akaniuliza, "Tatizo gani?" Nikamjibu ni mambo ya kiufundi tu. Akaitikia kwa adabu, akaacha ilimba kwenye kiti, akaenda na binti yake kutafuta ugali.

Nikainama kuikagua. Kwenye sanduku kulikuwa na tundu dogo, na juu ya tundu kumebandikwa kitu cheupe, chembamba, chenye vumbi. Nikagusa chuma kimoja, kile kitu kikatetemeka. Zzzz.

Nikasema moyoni, kumbe! Utando wa buibui. Masikini mzee wa watu, chombo kimekaa stoo mpaka wadudu wamehamia.

Nikakikwangua kwa kucha. Nikafuta vizuri na kitambaa. Kisha, ili wasirudi, nikaziba tundu na tepu nyeusi. Nikapiga chuma: sauti safi kabisa. Nikajipongeza, nikapanda kwenye taa zangu. Nilikuwa nimempangia mzee rangi sita, aanze na zambarau.

Saa saba akarudi. Akakaa, akapiga noti mbili. Akasimama. Akapiga tena moja. Akageuza sanduku, akaiona tepu.

Nilitegemea ashukuru, kwa kweli. Nikamwambia, "Nimekusafishia baba, buibui walikuwa wamejenga."

Akachukua ile khanga, akaanza kuifunga ilimba taratibu, kona kwa kona. Kisha, "Stella, twende nyumbani."

Hakukasirika. Bora angenitukana.

Stella akanivuta pembeni ya jukwaa, macho yamejaa machozi. Aliniambia ile ngozi nyeupe hubandikwa makusudi. Ni kile kiduara kama karatasi ambacho buibui wa ukutani anatagia mayai. Baba yake alikuwa amekichagua mwenyewe, kwa sababu kikiwa kinene hakilii na kikiwa chembamba kinachanika. Ule mkwaruzo ndio ilimba yenyewe.

Halafu akaniambia lililoniumiza zaidi. Mama yake ndiye alikuwa anaimba na baba. Baba anaanzisha, mama anaitikia, hivyo hivyo tangu wakiwa vijana. Mama alifariki msimu wa mvua. Tangu wazike, mzee hakuwa ameigusa ilimba. Stella alimbembeleza tangu mavuno mpaka akakubali kuja kupiga wimbo mmoja tu.

"Akirudi nayo nyumbani leo," akasema, "haitafunguliwa tena. Namjua baba."

Nilitamani jukwaa lipasuke nizame.

Nikamfuata Salim kwenye jenereta, nikamweleza kila kitu bila kujitetea. Akanitazama. Akasema, "Wewe msomi, umeikata ulimi ilimba." Akafuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa Baba Stella, akamwamkia, wakaanza kuongea Kigogo. Sikuelewa kitu, ila niliona mzee amegeuka kunitazama mara mbili, na mara ya pili hakuwa anatazama kwa ubaya.

Kumbe Salim alimwambia: ukumbi huu umepakwa rangi juzi, humu hutapata hata buibui mmoja. Lakini nyuma ya duka langu kuna stoo ya marehemu baba. Tangu afariki sijawahi kuruhusu mtu aifagie.

Tukaingia kwenye gari lake, sisi watatu na Stella, mzee kapakata ilimba yake.

Ile stoo, wakuu! Redio za mbao mpaka darini, majaba, mizani ya zamani, na kuta za udongo zimejaa viduara vyeupe kama mtu kabandika stempu. Salim akaona aibu kidogo mbele ya wageni, akasema "karibuni kwenye uchafu wangu." Baba Stella akaingia, akatazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu saa saba nikaona meno yake.

Mimi nikapanda kwenye kiti na tochi ya simu. Mtu mzima, kitambulisho cha ofisi shingoni nilisahau kukivua, nabandua nyumba za buibui kwa wembe. Nikishusha kimoja mzee anakiinua kwenye mwanga wa mlango, anatikisa kichwa. Kinene. Kingine, hapana. Kingine hicho kina mayai, kirudishe. Nikakirudisha! Sijui nilikirudishaje lakini nilijaribu.

Nikiwa bado juu ya kiti nikamwomba msamaha. Nikamwambia baba nisamehe, nilidhani ni mkwaruzo.

Akakishusha kiduara alichokuwa ameshika. Akasema, "Mimi saa hizi naimba peke yangu. Huyo unayemwita mkwaruzo ndiye alikuwa amebaki wa kuniitikia."

Salim akatoka nje akajifanya anaangalia gari. Mimi nilibaki nimeupa ukuta uso. Nililia, sioni sababu ya kuwaficha.

Kiduara cha kumi na kitu ndicho alichokikubali. Akabandua tepu yangu, akatoa donge la nta ya nyuki mfukoni, akalilainisha kwa vidole, akabandika. Akapiga chuma kimoja.

Zzzz.

Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Tulirudi ukumbini watu wameshajaa, vikundi vya kwanza vinacheza, kijana wa dukani kwa Salim kashika mixer. Kabla hajapanda akaziangalia taa, akaniuliza kama zina joto. Taa za Salim ni zile za zamani, ukikaa chini yake dakika tano unatoka jasho. Akaonyesha ile nta. Nikaelewa bila kuongezewa neno kwamba ingeyeyuka, na safari hii niliuliza kwanza: "Baba, unataka iweje?"

Akataka taa moja tu, itoke mbali, ubavuni. Rangi zangu sita zikaishia hapo, zambarau na wenzake. Na maiki nikaisogeza mpaka karibu na lile tundu, pale pale nilipopaziba asubuhi.

Akapiga.

Wimbo wenyewe sikuelewa maneno. Lakini hata asiyejua Kigogo angejua palipokuwa pa mama Stella. Mzee anaimba mstari mmoja, ananyamaza. Vidole havisimami. Na pale kwenye ukimya unausikia ule mtetemo peke yake, umejaa ukumbi mzima, unamjibu. Halafu anaimba tena. Kina mama wa ngoma walikuwa pembeni ya jukwaa, wangeweza kabisa kuitikia, ni wimbo wanaoujua. Hakuna aliyefungua mdomo. Walimwachia.

Katikati ya wimbo mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye suti, akanijia kwenye mixer ameinama. Akaninong'oneza, "Fundi, spika inakwaruza. Rekebisha haraka, wageni wanasikia."

Nikamwambia, "Haikwaruzi, mwenyekiti. Huyo anaitikia."

Alinitazama kama nimelewa. Ila hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama pale pale kando yangu mpaka wimbo ukaisha, na ulipoisha hakuniuliza tena.

Baba Stella alishuka, akaifunga ilimba kwenye khanga. Alipofika kwangu akanipa mkono. Nikamwambia asante baba. Akasema, "Wiki ijayo pale kwetu kuna harusi, wameniomba. Nitaenda."

Stella alikuwa nyuma yake. Alinibana bega.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo lakini kimenikaa: kabla sijarekebisha kitu cha mtu, namuuliza kwanza kama kimeharibika. Hata kazini nimeanza. Sifuti faili la mtu wala sipangi upya meza ya mtu. Wananiona nimekuwa mzito siku hizi, acha waone.

Haya, semeni na nyie. Nani humu amewahi "kutengeneza" kitu kizima akakiharibu? Na mafundi wa sauti mlioshika maiki mbele ya vyombo vya asili, mnaiwekaje? Mnaokuja kunicheka mnakaribishwa pia, nimestahili.

Jambo la mwisho. Juzi mke wangu alikuwa anafagia kuta za sebule hapa Msalato. Juu ya dirisha kuna viduara viwili vyeupe, vyembamba, vizuri kabisa. Ufagio ulikuwa umeshafika.

Nikamwambia aviache, vina mwenyewe.