Binti yangu naye wameanza kumwita Ngosha

Naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Sapiwi, Bariadi. Nachuma chai huku Mufindi. Binti yangu yuko kidato cha pili nyumbani, analelewa na mama yangu mzazi.

Nilisoma miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba vijijini. Hesabu nilikuwa naziweza. Siku moja mvulana alikwama ubaoni, nikaitwa mimi, nikalimaliza swali. Mwalimu akacheka, "Huyu si msichana, huyu ni Ngosha." Kwetu ngosha ni mwanaume. Jina likanifuata mpaka kisimani. "Ngosha, ndevu utaota lini?" Hata wasichana wenzangu walicheka.

Kisha wakaja watu kumposa dada yangu. Mzee wao aliniona nikipita na ndoo, akauliza, "Ndiye huyu anayewashinda wavulana? Na huyo dada yake yukoje?" Wakaondoka bila kusema watarudi lini. Jioni ile mama akaniambia, "Mwanangu, hizo hesabu ziache. Unamfukuzia dada yako ng'ombe wa mahari."

Mtihani wa kidato cha pili ulipofika, karatasi ya hesabu niliirudisha nyeupe. Majibu nilikuwa nayajua. Nikaanguka, shule ikaishia pale. Ng'ombe wakaja, dada akaolewa.

Mpaka leo, nikiwa shambani na kikapu mgongoni, maswali yale yananijia. Mikono inachuma, kichwa kinajibu. Wenzangu huniuliza naongea na nani.

Juzi binti alinipigia kwa simu ya jirani. "Mayu, shuleni wananiita Ngosha." Nilikaa chini palepale kwenye majani. Jina hilo sijawahi kumtajia.

"Bibi anasemaje?"

"Anasema niwaachie wavulana hizo hesabu. Mtihani ukija nitaacha wazi tu, wanyamaze. Si hata wewe mayu zilikushinda?"

Ni mimi niliyemwambia zilinishinda, ili asije akamchukia bibi yake. Nikisema ukweli, namshtaki mama yangu mzee kwa mtoto anayelala naye kitanda kimoja. Nikinyamaza, karatasi itarudi nyeupe mara ya pili. Na ruhusa ya kwenda nyumbani sipati mpaka msimu uishe.

Ndugu zangu, nishaurini. Nianze kusema na yupi, mama au binti? Atanipigia tena Jumapili akitoka kanisani, na bado sijui nitamwambia nini.