Kipande Tulichozika Fizi

Siku wakaguzi walipokuja kuitazama huduma ya kansa katika hospitali ya Baraka, tuliokaa kwenye chumba cha mikutano ni hawa: daktari mkurugenzi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye ni mwanamume wa kwetu Fizi; wakaguzi wawili kutoka Bukavu, yaani mama mwenye miwani na mwenzake; shangazi yangu, ambaye ni dada wa baba; mdogo wangu wa kiume, anayeendesha pikipiki; na mimi, mkubwa wa nyumba. Mdogo wetu wa kike hakuwepo. Tulikuwa tumemzika kabla ya mvua kuanza, na ni kwa ajili yake tuliitwa.

Hospitali ilikuwa inaomba cheti cha ubora. Ingekipata, wanawake wa Fizi, Kilembwe na Bibokoboko wangetibiwa kansa hapa hapa, bila kupelekwa Bukavu. Yule mama mkaguzi alitueleza kwamba cheti hakitolewi kwa sababu ya rangi ya ukuta. Wanachagua wagonjwa wachache na kufuata njia yao: nani alimpima, kipande kilichokatwa kilikwenda kupimwa labo gani, jibu lilirudi lini, nani alimwambia. Njia ya mdogo wangu ilikatika mwanzoni kabisa.

“Kile kipande cha kwanza kilienda wapi?” aliuliza.

Shangazi ndiye aliyejibu. “Kiko kwetu, Fizi. Nilikizika.”

“Ulikizika, mama?”

“Sasa ningefanya nini? Mutu haiko mbuzi. Ninyi batoto ba masomo munajua kupasua, kuzika hamujui.”

Mkurugenzi alitaka kucheka, akajizuia.

Yule mdogo wetu wa kike alikuwa anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni Baraka. Wazazi walipotutoka niliacha shule ili yeye na kaka yake wabaki darasani. Aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, lakini kwa sauti ambayo mtoto humwitia mama. Alipogusa uvimbe kwenye titi alicheka: “Yaya, Mungu ananiongezea, na mi sikuomba.”

Uvimbe ukakatwa. Kwetu, kitu kilichotoka mwilini mwa mtu, hata kidole kilichokatwa na panga, hurudi kwenye udongo wa nyumbani, ili mwenyewe siku yake ikifika asizikwe nusu. Shangazi alikiomba kipande. Muuguzi, naye mtoto wa udongo ule ule, alikifunga katika kitambaa safi na kumpa kwa mikono miwili. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyeona kosa. Tulipanda nacho Fizi kwa pikipiki, tukakizika nyuma ya nyumba, shangazi akasali, tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kidonda kilipona vizuri, tukamshukuru Mungu.

Kisha uvimbe ukarudi, safari hii kwapani. Daktari aliyekuwepo wakati huo alikuwa mgeni. Aliuliza jibu la labo liko wapi.

“Jibu gani?” nilisema.

Alinieleza polepole kwamba kansa ya titi iko aina nyingi, na dawa inayoisaidia hii haiisaidii ile. Kipande ndicho kinachosema ni aina gani. Bila jibu, Bukavu hawataanza dawa. Mdogo wangu wa kiume akauliza kama anaweza kupanda Fizi sasa hivi akafukue. Daktari alimshika bega, akamwambia udongo umeshakula.

Wakakata kipande kingine, kidogo sana, wakakitia katika chupa ya formoli, dawa inayozuia nyama isioze, wakakituma labo ya Bukavu. Barabara ya kupitia Uvira ilikuwa mbaya. Tulingoja. Kila asubuhi mdogo wangu wa kike aliniuliza Bukavu wamesema nini, nami nikajibu bado.

“Ile nyama iko kama mi darasani,” alisema. “Mwalimu anauliza, inanyamaza.”

Nilicheka kwa sababu yeye alitaka nicheke.

Alipoanza kushindwa kula alinishika mkono. “Yaya, kile cha Bukavu usikiache kule. Ukirudishe kwetu.” Nikamwambia nitakirudisha. Jibu lilipofika, daktari alituambia dawa ya aina yake ipo. Wakati huo hata maji alikuwa hawezi kumeza.

Hayo yote niliyasema mbele ya wakaguzi. Nilipomaliza, shangazi aliuliza, “Kwa hiyo ni mi nilimuua?”

Yule mama mkaguzi alivua miwani, akahamia kiti cha karibu naye. “Hapana, mama. Hakuna mutu alikuambia. Kukuambia ilikuwa kazi ya hospitali.”

“Ni kweli,” alisema mkurugenzi. Muuguzi alikuwa analia.

Cheti hawakukitoa. Walisema watarudi, na walitaka waone mambo yamebadilika: kila kipande kiingie chupani na kiende labo, familia ielezwe kabla ya kisu, kwa lugha yake, na kinachobaki baada ya jibu kirudishwe kwa wenyewe wakizike. Mkurugenzi aliniomba niwe mtu wa kuzungumza na familia. Nikamwambia sikumaliza hata shule ya msingi. “Wewe njoo tu,” alisema.

Naenda. Nakaa na bamama kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Wengine wananigombeza, wananiita muuza nyama za watu. Sinyanyuki. Nawaeleza habari za mdogo wangu mpaka wakubali.

Lakini kipande chake kilikuwa kidogo mno. Chote kiligandishwa ndani ya nta ili kipimwe, hakikubaki cha kurudishwa, na labo wanasema kanuni ya ubora inawataka waitunze nta hiyo, wasimpe mtu. Nimewaomba, nitawaomba tena. Kila nikipanda Fizi shangazi ananitazama mikono kabla ya kunisalimia.

“Umemuleta?”

“Bado, shangazi.”

Nilimwahidi mdogo wangu, na ahadi hiyo bado ni deni langu.