Kidonda cha Bafta

Mvua ya kwanza ya masika iling'oa bati nyuma ya duka, na bati hilo ndilo lililompasua Bafta ubavuni. Luul alimkuta asubuhi chini ya meza ya cherehani, amejikunja juu ya vipande vya vitambaa, analamba mahali pamoja bila kuinua kichwa. Alipoyatenganisha manyoya akaona nyama. "Bismillahi," akasema, akaketi sakafuni palepale na buibui lake lote.

Bafta alikuwa paka wa marehemu Salat, mume wa Luul. Alifika Keroka ndani ya robota la vitambaa kutoka Nairobi, mdogo wa kutosha kulala ndani ya kiatu, mweupe pe, na Salat akasema mzigo wa bafta mwaka huo umekuja na mkia. Mzaha huo alimpigia kila mteja aliyeingia, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, hata Luul akawa anatoka nje akiuona unakaribia. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu wamzike Salat. Duka lilikuwa kimya mno.

Daktari wa mifugo, kijana aitwaye Nyasani, alikuja na magambuti yake yamejaa matope ya mazizi. Akamsafisha Bafta, akamdunga sindano.

"Ni paka mzee, Mama Ayan," alisema. "Kidonda kitapona, lakini polepole. Usikubali alambe."

Ni rahisi kusema. Luul alimkemea, akamfunga kitambaa kikavuliwa, akampaka dawa ya bomba ikalambwa yote. Kidonda kilikauka upande huu kikafunguka upande ule. Binti yake Ayan alipiga simu kutoka Mombasa. "Hooyo, mama, mlete huku. Kuna kliniki za paka kabisa." Luul alicheka. Yeye mwenyewe alipougua goti alikuwa amejipaka mafuta ya simsim tu, akaendelea kushona.

Ndipo alipokumbuka manemane.

Mama yake, huko Isiolo, hakuwahi kukosa manemane nyumbani. Mbweha akimrarua mwana-mbuzi, mama alikuwa akiloweka vipande vile vyekundu vya utomvu katika maji ya moto mpaka maji yageuke rangi ya chai, kisha anaosha jeraha asubuhi na jioni. Kazi ya Luul ilikuwa kushika miguu. "Shika, na usifumbe macho," mama alimwambia. "Ukifumba macho utamwachia." Alipoolewa huku kwenye baridi na migomba, mama alimfungia manemane katika pembe ya shuka. Kila alipokwenda kwao alirudi na mengine, mpaka mama alipofariki. Yaliyobaki yalikaa katika mkebe wa majani ya chai, juu ya kabati.

Luul aliloweka vipande viwili. Harufu ilipopanda, chungu na tamu kidogo kwa nyuma, chumba kizima kikawa Isiolo. Akaliona boma, akaona vumbi jekundu kwenye nyayo za mama, akamsikia akikohoa. Akamshika Bafta mapajani na kumwosha. "Usifumbe macho," alijiambia kwa Kisomali, ingawa macho yake yalikuwa yameshalowa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Lakini jioni Bafta alirudi kutoka matembezini na kitu cheusi, chenye mafuta, kimegandamana juu ya kidonda. Luul alikipangusa kwa hofu. Siku ya pili kikawapo tena, na ya tatu. Akaona hapana, nyama inaoza.

Alimwonyesha Phanice, mama wa Birongo aliyeuza ndizi kwenye baraza la duka. Phanice aliinama, akanusa.

"Hii sio usaha, Mama Ayan. Hii inanuka siagi."

"Siagi?"

"Siagi ya kienyeji. Kuna mtu anapakia paka yako siagi." Phanice akaangua kicheko. "Mfuate uone anaenda wapi. Mimi nitaangalia duka."

Alasiri hiyo, Luul alipomaliza kuswali, Bafta alishuka mezani na kutoka kama mtu mwenye miadi. Luul akamfuata. Walipita nyuma ya posho mill, wakakata kichochoro cha wauza viazi, paka mbele akichechemea, mwanamke nyuma akiinua buibui lisiguse matope. Paka akaingia katika kibanda cha Ratemo, fundi viatu.

Luul alimjua Ratemo kwa salamu tu. Alikuwa mzee mkimya, mwenye koti lililopauka. Alikuwa amekalia kigoda, na kando yake palikuwa na kigoda kingine kitupu. Bafta aliruka juu ya hicho kitupu bila kuuliza. Ratemo akafungua kikopo, akachota kitu cheusi kwa kidole.

"Mzee Ratemo!" Luul alipaza sauti. "Unampaka nini paka wangu?"

Mzee alishtuka, kidole kikabaki hewani. "Mama Ayan. Karibu. Hii ni dawa."

"Dawa gani nyeusi hivyo?"

"Ganda ya ndizi. Nachoma inakuwa majivu, nachanganya na siagi. Mama yangu alikuwa anatibu ng'ombe nayo, inapona kabisa." Akamgeukia Bafta. "Lakini hii paka yako sijui ni nini. Kila siku nikipaka, kesho yake inakuja kama imeoshwa."

Luul alimtazama. Kisha akaanza kucheka, mpaka akashika mlango. "Ni mimi ninayeosha! Naosha na manemane ya mama yangu."

Ratemo naye akacheka, cheko la kifua la mtu asiyezoea kucheka. Bafta aliwatazama wote wawili, akajilamba.

"Na kwa nini anakuja hapa?" Luul aliuliza walipotulia.

Ratemo alipangusa kidole kwa kitambaa. "Hiyo kiti ni ya mzee wako. Kila siku saa ya chai Salat alikuwa anakuja, anakaa hapo, na paka kwa magoti. Alipotuacha, mimi nilifikiri paka haitakuja tena. Ikakuja tu. Mimi namwekea maziwa kidogo, tunakaa."

Luul hakujua. Miaka yote ile Salat alikuwa akisema anakwenda kunyoosha miguu.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Wewe," alisema Ratemo. "Na mvua. Ulipokuja hapa mara ya kwanza ulilia sababu ya baridi, sio? Alikuja kwangu mbio. Akasema, fundi, nitengenezee viatu ya mama, uweke ngozi ya kondoo ndani, asije akarudi kwao."

"Vile viatu alinunua Nakuru," alisema Luul.

"Alikuambia Nakuru. Ulikuwa umesema hakuna kitu kizuri kinatoka mji huu."

Ilikuwa kweli, alikuwa amesema hivyo, msichana mwenye hasira na vidole vilivyokufa ganzi. Viatu vile alivivaa mpaka soli zikaisha. Alikaa juu ya rundo la viatu vibovu pale mlangoni, kwa kuwa kigoda kilikuwa na mwenyewe, na Ratemo akajifanya anatafuta sindano mpaka Luul alipomaliza kujipangusa uso.

Kesho yake Nyasani alipitia dukani, Luul na Phanice wakamweleza yote. Alitikisa kichwa.

"Kidonda kimoja, na kila mtu na dawa yake! Kitapona lini? Acheni majivu. Hiyo manemane pia pumzisheni, analamba. Osheni na maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, mpake asali kidogo, halafu afunikwe."

Phanice akaleta asali ya mjomba wake kutoka Birongo. Kufunika ilikuwa kazi ya Luul. Alimpima Bafta kwa futi ya kushonea kama anavyopima wanafunzi sare, akamshonea fulana ya kitambaa laini, na matundu manne ya miguu. Bafta alipovalishwa alianguka ubavu, akakataa katakata kusimama. Aliposimama alitembea kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Wateja walilia kwa kucheka.

Lakini hakulamba. Nyama ilianza kujaa kutoka chini, ikawa ya waridi, kingo zikakaribiana. Kigaga cha kahawia kilipodondoka, palibaki mstari usio na manyoya, nayo hayakuota tena.

Kibandani kwake, Ratemo alikikagua kwa muda mrefu kidonda kilichofunga. "Siagi yangu ilisaidia kidogo," alisema.

"Na manemane," alisema Luul.

Hawakubishana. Luul alikuwa amekuja na chupa ya chai ya iliki, na Phanice alikuwa ameleta ndizi za kuchoma. Ratemo alikuwa ametengeneza kigoda kingine, kipya, chenye kamba ngumu bado, akakisogeza kwa Luul. Nje mvua ilianza kupiga mabati. Ratemo aliinua sauti ili asikike, akaanza kueleza siku Salat alipojaribu kukamua ng'ombe wa Kisii kwa mara ya kwanza, na Luul, kikombe mikononi, akamwambia asiharakishe.