Barua Niliyoiandika Nimepiga Magoti

Nakumbuka mlio wa mnyororo, mwanangu, kabla sijakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nimelala mchana, kama walalavyo watu wa zamu za usiku, mapazia yamefungwa, shuka nimeivuta hadi kichwani ili jua la Campbelltown lisinipate. Chuma kikaburuzwa juu ya saruji. Kikalia, kikanyamaza, kikalia tena. Katika usingizi nikadhani niko nyumbani Taveta na mtu anafungua ng'ombe. Kisha nikasikia injini ikiguna, na sauti ya mume wangu Elia ikisema kwa adabu, "Ngoja kidogo, kaka, kuna kiti cha mtoto ndani."

Nilipofungua pazia, gari letu lilikuwa limeshainuliwa pua nyuma ya lori la kukokota. Elia alisimama nje, kiti cha binti yetu Neema kifuani, mkono mmoja kiunoni pale palipokuwa pakimuuma. Mwenye lori akampa karatasi asaini. Akasaini. Tena akamshukuru.

Nywele zangu zilikuwa nyeusi wakati huo, na kichwa changu kilijaa hekima niliyoiokota bila kuipima. Nikusimulie, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, jinsi gari lilivyokwenda, ingawa gari ni kitu kidogo. Kilichokwenda pamoja nalo ndicho kikubwa.

Tulipolinunua tulikuwa hatujamaliza miaka miwili katika mji huu wa Sydney, Australia. Elia alifanya kazi kwenye ghala moja upande wa Auburn, akipanga maboksi ya vigae. Mimi nilikuwa nikiwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee karibu na Westmead. Treni kutoka kwetu ilikuwa safari ya kumaliza zaburi ishirini, na saa nyingine zamu ilianza kabla treni haijaamka. Kazi ya Elia, zaidi ya hayo, ilikuwa ya kuitwa. Simu ikilia, ana kazi. Isipolia, anakaa nyumbani anaosha vyombo. Bila gari, simu ingelia kwa mwenzake.

Basi tukaenda kwenye yadi ya magari. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na uso wa furaha. Alituuliza tumetoka wapi, akatutilia chai, akampa Neema puto. Akaangalia hati za mshahara za Elia, moja baada ya nyingine, na kila moja ilionyesha wazi kwamba ni kazi ya kuitwa. Kisha akaleta karatasi za mkopo, na juu yake karatasi nyingine.

"Hii ni bima ya kulinda mkopo," akasema. "Ukiugua au ukipoteza kazi, bima inakulipia. Bila hii, sidhani kama mkopo wenu utapita."

Elia alinigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Mama Neema, si tuzisome kwanza?"

Mwanangu, sikiliza nilivyomjibu, kwa maana neno hili nimelibeba mpaka leo. Nilisema, "Usome karatasi ya mtu mbele ya macho yake, na chai yake uko nayo mkononi? Ataona hatumwamini."

Elia akasaini. Nami nikasaini chini yake. Bei ya bima ile ikaongezwa juu ya mkopo, ikawa nayo inazaa riba, na sisi hatukujua. Jumamosi iliyofuata nikapika chapati kumi na mbili, nikazifunga kwa foili, nikampelekea yule kijana kama shukrani. Alicheka sana. Akawagawia wenzake.

Usinicheke na wewe. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyekufungulia mlango hujamlipa mpaka umempelekea kitu mkononi.

Mwaka wa pili wa mkopo, mshirika wetu mmoja wa kanisa alihama nyumba, na wanaume wakaenda kumsaidia. Elia alishika friji upande wa chini wa ngazi. Friji liliteleza. Hakuanguka, lakini kitu mgongoni mwake kilianguka. Kwa kuwa hakuumia kazini, kazini hawakuwa na la kumlipa. Nikamwambia, "Usihofu, Baba Neema. Si tuna bima?"

Tulijaza fomu tukaipeleka. Jibu lilipokuja lilikuwa ukurasa mmoja. Bima haimhusu mtu wa kazi ya kuitwa. Si kwamba tulikosea fomu, si kwamba tulichelewa. Haikuwa imemhusu hata siku moja, tangu tulipotia saini. Tulikuwa tumeuziwa mwavuli uliotobolewa dukani, na aliyetuuzia alikuwa ameliona tundu.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo. Marehemu mama yangu alikuwa na methali aliyoipenda: mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami nikaketi mezani nikaubusu. Niliwaandikia wakopeshaji barua ndefu kwa Kiingereza changu safi kabisa. Nilianza kwa kuwashukuru kwa kutuamini sisi wageni. Nikawajulia hali. Nikaeleza mgongo wa Elia, nikaeleza homa ya Neema, nikamtaja Mungu mara tatu. Nikawaomba, kama itawapendeza, watufikirie. Nikamaliza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Kuhusu bima niliandika mstari mmoja tu, nao ulisema kwamba tunasikitika hatukuielewa vizuri.

Wakatujibu upesi. Wametusikitikia, wametupa miezi mitatu ya kupumzika bila kulipa. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeniambia kwamba mkopo haupumziki kama mtu anavyopumzika. Miezi mitatu ilipokwisha, deni lilikuwa limenenepa, na Elia bado hawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Watu wa kanisa wakatuchangia. Wakatuchangia tena. Mara ya tatu niliona mama mmoja akifungua pochi huku akitazama pembeni, na Elia naye aliona. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja ibadani akichelewa na kutoka kabla ya baraka.

Halafu likaja lile lori.

Usiku huo sikuenda zamu, kwa kuwa sikuwa na cha kunifikisha. Nilitembea jikoni huku na huku kama kuku aliyekosa kiota chake. Nilikuwa na maneno, mwanangu, maneno mengi mno. Niliyatafutia mtu. Wakopeshaji walikuwa mbali, nao ni wakubwa, nami nilikuwa nimeshawaomba radhi. Aliyekuwa karibu alikuwa Elia, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mto nyuma ya kiuno.

"Mwanamume mzima," nikamwambia, "unasaini kitu usichokisoma!"

Akausogeza ule mto. Angeweza kunikumbusha ni nani aliyemkataza kusoma. Alikuwa na haki hiyo yote mfukoni. Hakuitoa. Nami nilijua, naye alijua kwamba ninajua, na bado sikufunga mdomo. Kila siku baada ya hapo nilikuwa na la kusema. Ulimi uliokuwa pamba kwa wakopeshaji, nyumbani ulikuwa wembe.

Majuma matatu baadaye Elia alirudi Taveta kwa kaka yake, ati mpaka mgongo utulie.

Aliyenifumbua macho alikuja baada ya hapo. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Bukavu, Mama Zawadi, jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye alikuwa ameishi katika kambi ya wakimbizi miaka mingi na kuandika madai mengi kuliko mwanasheria. Aliniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli, akakuta nakala ya barua yangu mezani, akavaa miwani. Alisoma barua yangu yote kimya, kidole kikifuata mistari. Kisha akaiweka chini kama mtu anayeweka samaki aliyeoza.

"Weye," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "hapa ulienda kuomba ao kudai?"

"Nilitaka wanionee huruma, Mama."

"Huruma! Mutu anaiba kuku yako, weye unamupelekea na chumvi!"

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie huku akipakua sombe. Nilipotulia akaniambia maneno ambayo nakupa wewe leo kwa Kiswahili changu. Alisema: umewaandikia kama mtu aliyekosa, wakakusamehe. Mtu akikuomba msamaha, utamsamehe. Hutajichunguza kama wewe ndiye uliyemkosea. Hujalalamika hata kidogo. Lalamiko lako lote umempa mume wako.

Mwanangu, nimeogeshwa na mvua nyingi, lakini hakuna iliyonilowanisha kama hiyo.

Tukaandika upya, mimi nikishika kalamu, yeye akinikata maneno. Kila nilipoandika "tafadhali" ya pili, aligonga meza. Barua ilikuwa nusu ukurasa. Mstari wa kwanza ulisema kwamba haya ni malalamiko. Kisha ikasema tuliuziwa bima ya kulinda mkopo, tukaambiwa bila hiyo mkopo hautapita. Muuzaji aliziona hati za mshahara na alijua kazi ni ya kuitwa. Bima hiyo isingeweza kutulipa kamwe. Tunataka turudishiwe bei yake na riba yake. Mwisho. Hapakuwa na homa ya mtu wala mgongo wa mtu. Nilipoipeleka posta niliona aibu, kama nimetoka nje bila kitambaa kichwani.

Wakakataa mara ya kwanza. Walisema tulisaini kwa hiari yetu. Nilitaka kuachia hapo, lakini Mama Zawadi akasema hapana, katika nchi hii kipo chombo huru kinachosikiliza ugomvi wa wateja na wakopeshaji, nacho hakikutozi hata senti. Tukakipelekea barua zote mbili na hati za mshahara. Miezi ikapita. Nikapanda treni, nikashuka treni. Kisha ikaja barua: bima ile haikustahili kuuzwa kwetu, na wakopeshaji watarudisha bei yake pamoja na riba yake, nao wanasikitika.

Gari halikurudi, lilikuwa limeshauzwa. Fedha ilifuta mabaki ya deni na ikabaki kidogo. Nilimpigia Elia nikamsomea barua yote, neno kwa neno, kisha nikaitafsiri. Upande wa pili nilisikia jogoo, na mtu akimimina maji kwenye ndoo.

"Kumbe halikuwa kosa langu," akasema.

Nikamwambia, "Halikuwa lako."

Hapo ningeweza kuongeza neno moja la kweli kuhusu nani alisema tusisome. Sikuliongeza. Akaniambia nimsalimie Neema. Hakurudi, mwanangu. Si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kumshika. Alikuwa tu amezoea kuwa mbali nasi, kama mgongo uliopona ukiwa umepinda.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike. Heshima si utumwa. Mtu akikupa karatasi, isome mbele yake, hata chai ikipoa; aliye mwaminifu atakungoja, na asiye mwaminifu ndiye atakayekuharakisha. Ukiambiwa bima ni lazima, muombe akuonyeshe palipoandikwa. Umeshauziwa kisichokufaa? Usiandike ombi. Sema ni malalamiko, sema walichojua na walichokuambia, sema unachotaka, na nakala uiweke. Wakikataa, panda ngazi inayofuata, kwa kuwa kukataa kwao si hukumu. Na akija mjanja akasema atakuandikia malalamiko kwa kulipwa fungu la fedha yako, mwambie asante, bure ipo. Usiogope kuonekana mtovu wa shukrani. Aliyekukopesha hakukupa zawadi. Amekuuzia, nawe umenunua, na mnunuzi ana haki ya kurudisha kibovu.

Lakini zaidi ya hayo yote: lalamiko halipotei. Usipolipeleka kwa aliyelisababisha, litarudi nawe nyumbani na kumtafuta aliye dhaifu zaidi. Litakaa mezani penu, litalala kitandani penu, na anayekupenda ndiye atakayelibeba, kwa sababu yeye ndiye ambaye hatakupeleka popote kukushtaki.

Mungu akupe ulimi mgumu mbele ya wakubwa na laini mbele ya wako. Akupe macho ya kusoma na moyo wa kukiri mapema. Nyumba yako isikose mtu wa kuitwa kwa jina la mtoto wake, kama nilivyomwita Elia Baba Neema. Amina.

Nakuombea haya kwa kuwa mimi sikuyapata siku niliyoyahitaji. Asubuhi ile aliyoondoka Elia, Neema alikuwa shuleni na teksi ilikuwa chini ikingoja. Nilisimama karibu na jiko. Nilitaka kumwambia: mimi ndiye niliyekuzuia kusoma, nisamehe. Badala yake nikamuuliza kama amechukua dawa za mgongo.

"Nimechukua, Mama Neema," akasema. "Asante."

Akainua begi kwa mkono wa upande usiomuuma, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, bila lalamiko lolote.