Duara la Majina Thelathini

Kiwandani walimwita Mama Pindo kwa sababu nguo zake hazikuwahi kurudishwa. Kila mshonaji alikuwa na nambari, na akimaliza nguo huishonea nambari yake kwa ndani, ili kasoro ikionekana ijulikane ni ya nani. Yake ilikuwa arobaini na moja, maana nambari za waliofukuzwa hazikutumika tena. Alikuwa mwoga, tuseme ukweli. Msimamizi akikohoa tu, yeye huinamia cherehani.

Shida ilikuwa mlango wa nyuma. Msimamizi aliupiga kufuli tangu asubuhi, eti nguo zisiibwe. Siku pasi ilipounguza rundo la vitambaa, wanawake thelathini walibanana kwenye mlango mmoja wakikohoa moshi. Moto ulizimwa, ila Mama Pindo hakupata tena usingizi. Wakakubaliana kuandika barua ya kuomba mlango usifungwe. Lakini nani amfunge paka kengele? Jina la kwanza ndilo litakalofukuzwa.

"Basi asiwepo wa kwanza," Mama Pindo alisema, akajishangaa mwenyewe.

Akachukua kitambaa cheupe, akadarizi ombi lao katikati na majina yote kwa duara, bila mwanzo wala mwisho. Asubuhi wakakiweka mezani kwa msimamizi.

Saa nne ikaitwa nambari arobaini na moja. Mazoea yana taabu: alipomaliza kukipinda kile kitambaa, alikishonea nambari yake kwa ndani bila hata kufikiri. Akaingia ofisini akiwawaza wanawe wawili na mama yake mzazi, wote wakimtegemea yeye.

"Hii kazi yako?"

Angeweza kusema alitumwa kushona tu. "Yangu, bosi. Kama ina kasoro, nirudishie niirekebishe."

Msimamizi akakigeuzageuza. Huko nje cherehani zilikuwa zimenyamaza zote, na mzigo ulitakiwa jioni. Akasikiliza ule ukimya kitambo, kisha akamsukumia ufunguo.

"Kafungue. Na uwaambie washone."

Mama Pindo alifungua, akatoka, akaketi kwenye ngazi na kulia kwa raha, kufuli likiwa mapajani. Kazi anayo bado. Mfuaji wa duka la dobi la jirani aliyekuwa akianika mashuka akamwona.

"Pole dada, wamekufukuza?"

"Hapana. Wametufungulia mlango."

Mfuaji akalitazama lile kufuli, akasogea. "Sisi madirisha yamepigiliwa misumari. Tuko kumi na wawili, na kila mtu anaogopa."

Mama Pindo akajifuta macho, akampisha nafasi. "Kaa hapa. Anayeogopa kuliko wote ni nani? Tuanze na huyo."