Kaka Yangu Alitania, Vitanda Vikaondolewa

Siku waliyokuja kubeba vitanda vya wodi yetu, wagonjwa walikuwa bado wamevilalia.

Nilikuwa nasafisha kidonda cha bibi mmoja. Wakaingia wanaume wa stoo na spana mkononi.

"Sista, tuna agizo. Tunaanza na hiki."

"Hiki kipi?"

"Hicho alicholalia huyo bibi."

Nikadhani wamelewa. Nikacheka.

Jamani, hawakuwa wamelewa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake. Kaka yangu, tumezaliwa wawili tu, ni mwandishi wa kejeli. Ndiye aliyekuwa akiandika ukurasa wa nyuma wa gazeti kwa jina la Upupu. Ukimsoma, lazima ujikune.

Kejeli kwetu ni ya ukoo. Babu mzaa baba aliwahi kutunga wimbo juu ya mkubwa wa enzi zile, kwamba tumbo lake linafika mkutanoni kabla ya mwenyewe. Wakamtandika viboko hadharani. Walipomaliza, akainuka, akajipangusa vumbi, akamuuliza aliyemchapa, "Pole baba, mkono hauumi?"

Wakamrudia upya.

Mama alikuwa akitusimulia habari hiyo ya baba mkwe wake mpaka anatokwa machozi kwa kicheko. Nadhani hapo ndipo kaka alipopata ugonjwa.

"Mdogo wangu," aliwahi kuniambia, "kazi hii ni kongwe kuliko gazeti. Siku mtu wa kwanza alipokalia kiti na wenzake wakakaa chini, palepale akatokea mtu huko chini akaanza kumuigiza anavyokaa."

Basi. Siku moja nilitoka kazini nimechoka hoi, nikaanza kulalamika mezani. Wagonjwa walikuwa wanalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Mmoja akikohoa, mwenzake anapokea. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

Jumapili, Upupu akatoka na lake.

"Naishauri hospitali yetu iondoe vitanda vyote. Kitanda ndicho chanzo cha aibu. Kisipokuwepo, nani atasema wagonjwa wanabanana kitandani? Tena sakafu ni salama. Tangu dunia iumbwe, hakuna aliyeanguka kutoka sakafuni."

Mji mzima ulivunjika mbavu. Hata madaktari walikuwa wanasomeana kwenye korido.

Mama naye akasoma, akacheka, halafu akavua miwani.

"Mwanangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Mama, usaha upo tayari. Mimi natumbua tu."

Haukupita muda mrefu, tukaambiwa wakaguzi kutoka juu wanakuja. Na suala lao kubwa ni moja: wagonjwa kubanana vitandani.

Ndipo wanaume wa spana wakaingia wodini.

Walitandika magodoro sakafuni, wakafungua vitanda, wakavipakia kwenye lori. Wakaguzi walipofika, mkuu wa hospitali akawatembeza kifua mbele. Wakauliza, "Kuna kitanda chenye zaidi ya mgonjwa mmoja?" Akajibu, "Hakuna hata kimoja."

Na hakudanganya.

Baadaye akaitisha mkutano uani. Kaka yangu akaletwa kwa gari la hospitali, akijua anakwenda kukaripiwa. Badala yake akapandishwa jukwaani.

"Huyu ndiye aliyetufungua macho," mkuu akatangaza. "Sisi viongozi tunasikia ushauri wa wananchi. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Na mimi nilikuwepo, mstari wa mbele, na sare yangu nyeupe.

Kaka akamsogelea, akamnong'oneza. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Mheshimiwa, ile ilikuwa kejeli."

Mkuu alitabasamu huku akiendelea kupunga mkono kwa watu.

"Najua, kijana. Unadhani mimi sijui kusoma?"

Kaka alishuka jukwaani kama mtu aliyemwagiwa maji.

Wiki ile akaandika kulalamika. Mhariri akamwambia hawezi kuichapa. Utashauri, ushauri wako ufuatwe, halafu ugeuke kumtukana aliyeufuata? Watu watakuonaje?

Msimu wa baridi ukaingia. Sakafu ya saruji wakati wa baridi haina rafiki. Unaweka godoro, godoro linalowa. Unaweka shuka, shuka linapiga ubaridi. Kikohozi kilihama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa kama mtu anayegonga milango.

Na mama akapata homa ya mapafu.

Nilimkataza kaka kumleta hospitalini kwetu. Lakini mtungi wa oksijeni ungepatikana wapi kwingine? Tukampeleka. Nikamlaza chini, karibu na ukuta, mahali ambapo upepo wa mlangoni haufiki sana.

Nikamwendea msimamizi wa wauguzi.

"Dada, naomba nilete kitanda changu kutoka nyumbani. Ni mama yangu mzazi."

Akaniangalia kwa huruma, Mungu shahidi, huruma nilimwona nayo.

"Ukileta wewe, kesho wataleta wote. Agizo likivunjwa, kazi nitapoteza mimi. Nisamehe, mwenzangu."

Nikamfunika mama kwa kila nilichokipata. Bado alikuwa anatetemeka.

"Nifunike na gazeti," akaniambia, pumzi ikimkatika. "Lile lenye maneno ya kaka yako. Makali yale, huenda yakanipa joto."

Huyo ndiye mama yangu. Anakufa, anatania.

Nikatandaza kurasa za gazeti juu ya shuka. Nikaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Ilikuwa saa za kuona wagonjwa. Wodi imejaa watu, wanaruka miguu ya wagonjwa wakitafuta ndugu zao. Mwanamke mmoja alimkanyaga mama mkononi, akainama na kusema, "Samahani, mama."

Mama hakujibu. Alikuwa ameshakwenda.

Kaka hakulia. Alikaa kwenye meza ya jikoni kwa mama, akaandika. Safari hii hakuweka mzaha hata wa kuonja. Aliandika yaliyotokea kama yalivyotokea: baridi, magodoro, ombi la kitanda lililokataliwa, gazeti, mkono uliokanyagwa. Mwisho akaandika, "Huyu alikuwa mama yangu."

Mhariri alisoma, akakubali. Lakini nafasi ya kaka ilikuwa ile ile siku zote, ukurasa wa nyuma. Na jina lilikuwa lile lile, Upupu.

Gazeti likatoka siku ya pili ya msiba.

Tulikuwa tumekaa barazani na majirani. Akaingia fundi wa kuchomelea mageti wa mtaa wa pili, mtu wa watu, aliyekuwa safarini. Aliposhuka kwenye basi alisikia tu kwamba mama amefariki, hakujua amefia wapi. Akatupa pole, akakaa karibu na kaka. Gazeti lilikuwa limechomoza mfukoni mwa fundi.

"Poleni sana, wafiwa. Kazi ya Mungu haina makosa." Halafu akashusha sauti, lakini kicheko kikampanda. "Lakini we Upupu ni mtu mbaya! Ya leo umetuua. Ndani ya basi tulikuwa tunagaragara."

Watu wakageuka.

Kaka akamuuliza, taratibu kabisa, "Wapi palikuchekesha?"

"Pale! Pale bibi kizee anapoomba afunikwe na gazeti. Na yule muuguzi naye anamfunika kweli! Sasa muuguzi gani huyo?"

"Ni mimi," nikasema.

Fundi alinitazama. Akatazama sare yangu iliyoanikwa kwenye kamba. Akatazama wenyeji wa msiba, mmoja mmoja, na kicheko kikaanza kumtoka usoni kama rangi inayochubuka.

"Bibi kizee ni…"

"Ndiye huyu tunayemlilia," kaka akamwambia.

Yule baba, na mwili wake wote ule, alipiga magoti akalia kwa sauti. Tukaanza sisi wafiwa kumbembeleza yeye.

Alipotulia, ndipo akasema.

"Vile vitanda… nimevipaka rangi mimi."

Kumbe mkuu wa hospitali alikuwa amefungua nyumba ya wageni. Vitanda vya chuma vililetwa na lori la hospitali kwenye karakana ya fundi, akaambiwa ni vikuukuu vilivyotupwa. Akavinyoosha, akavipaka rangi ya maziwa, vikapelekwa vyumbani. Wageni walikuwa wameshaanza kuvilalia, mmoja mmoja, kwa nafasi.

Ushauri wa kaka haukumdanganya mtu. Ulimpa mwizi lori na makofi juu.

Habari zikaenea, wakaletwa wachunguzi. Fundi alisimama akasema yote mbele yao, bila kuuma maneno. Na mimi nikasema. Baadhi ya vitanda vilirudi. Mkuu hakufungwa. Alihamishiwa hospitali kubwa zaidi ya ile, na siku ya kumuaga alizawadiwa saa ya ukutani. Mimi nilihamishiwa chumba cha kufulia mashuka, na huko ndiko niliko mpaka leo.

Kaka bado anaandika, ila jina la Upupu alilizika na mama. Sasa anatumia jina lake halisi, na kila makala anaianza kwa maneno haya: "Haya si mzaha."

Wasomaji wanamwambia hapo ndipo wanapoanzia kucheka.

Ndugu yangu uliyesoma mpaka hapa, sikwambii usicheke. Babu yangu alichapwa ili watu wacheke, na mama alicheka mpaka pumzi ya mwisho. Ila anayemcheka mkubwa na kurudi kulala amemfanyia mkubwa kazi yake. Cheka, kisha simama uende ukaangalie. Huenda mnyonge aliyemo ndani ya kichekesho anakufa kweli.